Byron Kawadwa: Mtu Aliyeunganisha Wimbo na Jukwaa

Utangulizi

Mkazi wa Kitengela hana haja ya kusafiri ili ausikie wimbo. Asubuhi ya Jumapili sauti za kwaya hupokezana kutoka kanisa moja hadi jingine, na jioni matatu zitokazo Nairobi hushusha abiria huku muziki ukitikisa vioo. Akiishika barabara ya Namanga kuelekea kusini hadi Kajiado na vijiji vinavyouzunguka mji huo, atakuta sanaa ya namna nyingine. Katika sherehe za Wamaasai, kiongozi wa wimbo, ambaye wenyewe humwita olaranyani, hutoa mstari wake, nao wenzake humwitikia kwa mngurumo mzito wa koo unaoshika nafasi ya ngoma. Hapo pana maleba, pana uwanja, pana wahusika, tena pana hadhira inayojua lini iitikie na lini inyamaze. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiombwa ataje vipengele vya sanaa za maonyesho, atavipata vyote mahali hapo pamoja.

Hata hivyo, shuleni tumezoea kuvitenga vitu hivi. Kwaya na nyimbo za kiasili hupelekwa katika tamasha la muziki. Mchezo wa kuigiza hupelekwa katika tamasha la drama, ambalo hufanyika muhula mwingine na kuhukumiwa na watu wengine. Wimbo ukiingia katika mchezo, mara nyingi huwa wa kufungulia pazia, au wa kuwapa waigizaji nafasi ya kubadilisha mavazi. Wimbo na mchezo ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa katika nyumba mbili.

Je, ingekuwaje kama wimbo ungefanywa uti wa mgongo wa tamthilia? Swali hili lilikwisha kujibiwa zamani kwa jirani zetu wa Uganda, na mtu aliyelijibu alilipa kwa uhai wake. Makala haya yanasimulia maisha ya kisanaa ya Byron Kawadwa, mwandishi, mwigizaji na mwelekezi wa tamthilia za Kiganda, aliyeuawa mwaka 1977. Tunamchagua kwa sababu maisha yake yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mvuto wa tamthilia ya nyimbo kwa watu wa kawaida, na nguvu yake mbele ya watawala. Kwa tamthilia ya nyimbo tunakusudia mchezo ambao hadithi yake husukumwa mbele na mazungumzo, uimbaji, ala na uchezaji, kiasi kwamba ukiuondoa wimbo hadithi yenyewe huanguka.

Kampala aliyoikuta

Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa mjini Kampala mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katika miaka ya mwanzo jukwaa hilo lilikuwa zaidi la michezo ya Kiingereza. Mwananchi aliyeishi umbali wa dakika chache kwa miguu aliliona jumba hilo kwa nje, lakini lugha iliyosemwa ndani haikuwa yake, na vituko vilivyochekewa humo havikuwa vya nyumbani kwake.

Walikuwapo waliojaribu kuubomoa ukuta huo. Wycliffe Kiyingi, ambaye ndiye mzee wa tamthilia ya Kiganda, alikwisha kuanza kuandika na kuigiza kwa lugha ya watu tangu miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere nao waliunda kundi la maonyesho la kusafiri, lililopeleka michezo vijijini kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hiyo Kawadwa hakuanza patupu. Alikuta njia imekwisha kufyekwa. Alichoongeza yeye ni kuipigia ngoma.

Na ngoma zilikuwapo za kutosha. Buganda ilikuwa na chemchemi tatu za muziki ambazo mtunzi yeyote angeweza kuteka. Ya kwanza ni ikulu ya Kabaka, ambako wapiga amadinda, filimbi na kinubi cha ennanga walitumika kwa zamu na kurithishana kazi hiyo. Ya pili ni makanisa, hasa ya vilima vya Namirembe na Rubaga, yaliyolea vizazi vya waimbaji wa kwaya waliojua kuimba kwa sauti nne. Ya tatu ni hadithi za kando ya moto, ambazo kwa Waganda, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Kibantu, hukatizwa na wimbo unaoimbwa na msimulizi na wasikilizaji kwa pamoja. Chemchemi hizi zilikuwa zikitiririka kila moja upande wake.

Kisha likatokea jambo lililoitikisa nchi. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliishambulia ikulu ya Kabaka Mutesa wa Pili kule Mengo. Mutesa, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa nchi, alitoroka akaenda kuishi London, akafia huko mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta falme zote. Wapiga ala wa ikulu walitawanyika, na muziki uliokuwa ukisikika humo kwa vizazi ukanyamaza. Maelfu ya watu walikuwa na huzuni ambayo hawakuwa na mahali pa kuisemea. Gazeti lisingeichapa, na bunge lisingeijadili. Huzuni ya namna hiyo hutafuta mlango, na kwa Waganda mlango mmojawapo ulikuwa jukwaa.

Kundi na mtunzi wake

Katika miaka hiyo ya 1960 Kawadwa aliunda kundi la waigizaji lililojulikana kwa jina la Kampala City Players. Kundi hili halikuwa la wasomi wa chuo kikuu. Liliigiza kwa Kiganda, na liliwalenga watu wa mji na viunga vyake, wale ambao walikuwa tayari kulipa kiingilio iwapo tu wangeelewa na kufurahi. Sharti hilo la soko halikumshusha Kawadwa, bali lilimlazimisha kutafuta sanaa itakayomshika msikilizaji tangu mwanzo hadi mwisho.

Sanaa hiyo aliipata alipoungana na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya. Tamthilia za Kawadwa zinazokumbukwa zaidi, yaani Makula ga Kulabako na Oluyimba lwa Wankoko, ni matunda ya ushirikiano wa watu hawa wawili. Mmoja alileta hadithi, wahusika na mpangilio wa jukwaa. Mwingine alileta sauti. Muziki wa Serukenya ulichanganya uimbaji wa kwaya na lahani za Kiganda, hata chemchemi tulizozitaja zikaingia katika mto mmoja. Msikilizaji aliyelelewa kanisani alisikia kitu anachokifahamu, na aliyelelewa kwa ngoma za kijijini naye akasikia chake.

Yafaa tutue hapa kidogo, kwani kazi hiyo si nyepesi kama inavyodhaniwa. Kiganda ni lugha ya toni: neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtunzi wa Kiganda hana uhuru wa kuipandisha lahani pale anapotaka, maana akiipandisha mahali pasipofaa neno hupotea au hugeuka jingine. Ni lazima lahani iifuate lugha. Kwa sababu hiyo, wimbo uliotungwa vizuri kwa Kiganda husikika kana kwamba ni usemi wenyewe uliorefushwa, na hadhira haihitaji kukaza masikio ili kulikamata neno.

Wenzetu wa Kiswahili watauliza: nasi je? Kiswahili si lugha ya toni, lakini kina mkazo wake, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za Kiswahili zinazochosha sikio zina kosa moja tu: pigo zito la muziki limeangukia silabi isiyostahili mkazo, hata neno likapinda. Watunzi wa mashairi yetu ya kimapokeo, kwa kulinda mizani na kina, walijua siri hii tangu zamani, kwa kuwa mashairi hayo yalikusudiwa kughaniwa. Somo la kwanza tunalolipata kwa Kawadwa na Serukenya ni hili: tamthilia ya nyimbo huanzia katika sarufi ya lugha, kabla hata ala haijaguswa.

Wimbo wa Wankoko

Oluyimba lwa Wankoko ndiyo kazi iliyolifanya jina la Kawadwa lidumu. Iliigizwa mwaka 1971. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuliogopa jina lake. Oluyimba ni wimbo, na mzizi wake ni uleule wa kitenzi chetu kuimba. Enkoko ni kuku. Katika hadithi za Waganda wanyama hupewa majina yanayoanza kwa Wa-, kama Wakayima, ambaye ni sungura wao. Wankoko basi ni bwana kuku, yaani jogoo. Hata kabla pazia halijafunguliwa, jina la mchezo lilikuwa limekwisha kuwarudisha watazamaji kwenye ngano za utotoni, mahali ambapo kila mtu anajua kwamba mnyama anayezungumza huwa anamsema binadamu.

Jogoo ni kiumbe wa ajabu katika fasihi simulizi. Huwika kana kwamba ndiye anayeliamuru jua lichomoze. Hutembea kifua mbele katika ua ambao hakuujenga. Kawadwa alimtumia kiumbe huyu kuzungumzia hila za kuwania utawala, tamaa ya ukubwa, na mtu anayejipenyeza hadi kwenye kiti kisicho chake. Hakulitaja jina la mwanasiasa yeyote, na wala hakuhitaji kulitaja. Watu waliokuwa wamelia mwaka 1966 walielewa habari hiyo inahusu nini.

Hapa ndipo penye kitendawili cha mchezo huu. Januari 25, 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Katika miezi yake ya mwanzo alijitafutia mapenzi ya Waganda, hata akaurejesha mwili wa Mutesa kutoka Uingereza ili uzikwe Kasubi. Mchezo wa kumlaumu mnyang'anyi wa kiti cha enzi ungeweza, wakati huo, kueleweka kuwa unamsema Obote peke yake, na jambo hilo halikumdhuru mtawala mpya. Lakini fumbo zuri halina mwenyewe mmoja. Miaka ilivyopita, na watu walivyozidi kutoweka usiku, jogoo yuleyule alianza kufanana na mwingine. Maneno hayakubadilika, lahani haikubadilika. Kilichobadilika ni nchi iliyokuwa ikiyasikiliza. Aliyekuwa akicheka jana kwa kumdhania jirani, leo alijiona mwenyewe.

Kwa nini wimbo uliweza kufanya kazi ambayo mazungumzo matupu yasingeiweza? Tunaona sababu tatu. Kwanza, wimbo hurudiwa. Hotuba ya mhusika husemwa mara moja ikapita, lakini kiitikio hurudi, na kila kirudipo hubeba maana iliyoongezeka kwa yale yaliyotokea katikati. Pili, kundi la waimbaji ni mhusika wa pekee: linaposimama na kuitikia, linasimama kwa niaba ya umma, na mtazamaji akiimba moyoni pamoja nalo huwa amekwisha kuingia mchezoni. Tatu, wimbo huondoka na mtu. Mazungumzo ya tamthilia hubaki jukwaani na katika kitabu. Wimbo hupelekwa nyumbani, hupigiwa mluzi sokoni, huimbiwa mtoto. Polisi anaweza kumpekua mtazamaji mlangoni asimpate na karatasi yoyote, ilhali mchezo mzima umo kichwani mwake.

Jambo hili halikuanzia Kampala. Mjini London mwaka 1728 John Gay aliandika mchezo wa nyimbo kuhusu wezi na wafungwa, akitumia lahani ambazo watu walikuwa wakiziimba tayari. Waziri mkuu wa wakati huo alijikuta amesemwa humo, na mchezo uliofuata wa mwandishi huyohuyo ukapigwa marufuku. Nchini Nigeria, Hubert Ogunde, baba wa maonyesho ya kusafiri ya Wayoruba, alizuiwa na serikali ya jimbo la magharibi kuigiza kwa sababu ya mchezo wake Yoruba Ronu wa mwaka 1964. Nasi waswahili tunaujua mpasho wa taarabu, unaompiga mtu bila kumtaja. Kawadwa anaingia katika safu hii ndefu ya watu walioielewa nguvu ya neno lililotiwa sauti.

Safari ya Lagos

Katika miaka hiyo ya 1970 Kawadwa alikabidhiwa uongozi wa Jumba la Taifa la Maonyesho. Mtu wa michezo ya Kiganda akawa msimamizi wa jukwaa ambalo zamani lilikuwa la Kiingereza. Kwa macho ya nje huo ulikuwa ushindi. Kwa undani ulikuwa mtego, kwani jumba hilo ni mali ya serikali, na serikali yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa chombo cha kuua raia. Wasanii wengi waliikimbia nchi katika kipindi hicho. Wengine, kama Robert Serumaga, walipunguza maneno katika michezo yao wakategemea zaidi miondoko, ngoma na sauti zisizo na lugha. Mchezo wa Serumaga uitwao Renga Moi, wa mwaka 1972, ni mfano wa njia hiyo. Serumaga baadaye alijiunga na harakati za kumpinga Amin, akawa waziri baada ya Amin kuanguka, na akafariki dunia mjini Nairobi mwaka 1980. Kawadwa yeye alibaki Kampala, na alibaki na maneno yake.

Mwaka 1977, kuanzia Januari 15 hadi Februari 12, mji wa Lagos uliandaa tamasha kubwa la sanaa na utamaduni la watu weusi duniani. Lilikuwa la pili la aina yake. La kwanza lilifanyika Dakar mwaka 1966. Maelfu ya wasanii walikusanyika kutoka Afrika, Amerika na visiwa vya Karibi. Kenya ilipeleka tamthilia mbili ambazo wanafunzi wa fasihi wanazifahamu vyema: ile ya Francis Imbuga kuhusu usaliti mjini, na ile ya kesi ya Dedan Kimathi iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambayo kwa Kiswahili huitwa Mzalendo Kimathi. Uganda ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko.

Tuitazame picha hiyo vizuri. Ndugu zetu wa Kenya walikwenda Lagos na Kiingereza, ingawa mchezo wa Kimathi ulikuwa na nyimbo na ngoma ndani yake. Waganda walikwenda na Kiganda, lugha ambayo karibu hakuna mtu aliyekuwa akiielewa katika jiji lile la pwani ya magharibi. Lakini Wayoruba walikuwa na mazoea ya miongo mitatu ya kutazama michezo ya nyimbo ya kina Ogunde, na Duro Ladipo alikwisha kuupeleka mchezo wa nyimbo wa Kiyoruba hadi Berlin mwaka 1964. Katika nchi kama hiyo mchezo wa Kawadwa haukuwa mgeni. Sanaa ya nyimbo ina uwezo huu: huweza kushikamana sana na lugha ya kwao, na papo hapo ikavuka mpaka bila mkalimani, kwa sababu yale ambayo neno linashindwa kuyafikisha, sauti na mwili huyafikisha.

Mwisho wa Kawadwa

Kundi lilirejea nyumbani katika wakati mbaya. Februari 16, 1977, siku nne tu baada ya tamasha la Lagos kufungwa, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Hofu ilitanda nchi nzima. Muda mfupi baadaye Kawadwa alikamatwa na watu wa vyombo vya usalama vya Amin, akauawa. Hapakuwa na shtaka, wala kesi, wala hukumu iliyosomwa mbele ya watu.

Kuna jambo la kutafakari katika kifo hiki. Kawadwa alikuwa pia ametunga mchezo kuhusu Karoli Lwanga, kijana wa ikulu aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886 pamoja na wenzake kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mtu aliyewaeleza Waganda habari za mashahidi kwa njia ya jukwaa hakuwa mgeni wa wazo la kwamba imani ina gharama. Lakini tusimfanye mtakatifu. Alikuwa mfanyakazi wa sanaa aliyetaka viti vijae. Aliuawa kwa sababu viti vilijaa kweli. Mchezo usiotazamwa na mtu haumtishi mtawala; ule ambao mji mzima unauimba ndio unaomnyima usingizi.

Amin aling'olewa Aprili 1979. Katika miaka iliyofuata Kampala ilishuhudia mfumuko wa makundi ya maonyesho, na mengi yao yalifuata njia aliyoichora Kawadwa ya kuchanganya usemi na uimbaji kwa lugha ya watu. Wanamuziki wa kadongo kamu, waliozoea kusimulia kisa kwa gitaa na sauti, nao walivigeuza visa vyao kuwa michezo. Kundi moja mashuhuri lilijiita Bakayimbira, na msikilizaji wa Kiswahili atausikia tena mzizi ule wa kuimba ndani ya jina hilo.

Mwaka uleule, upande wetu wa mpaka

Tusidhani kuwa habari hii ni ya Uganda peke yake. Mwaka huohuo wa 1977, tarehe 2 Oktoba, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Nyimbo zilikuwa sehemu ya mwili wa mchezo huo, na wanakijiji wenyewe walizisahihisha na kuzikamilisha katika mazoezi. Mwezi Novemba kibali kilifutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini. Mwaka 1982 mchezo mwingine wa nyimbo wa kundi hilo, Maitũ Njugĩra, ulizuiwa kuigizwa katika Jumba la Kitaifa jijini Nairobi, na ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa.

Serikali mbili zisizofanana, nchi mbili, lugha mbili, na hofu moja. Ngũgĩ alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kadhaa za Kiingereza zenye lawama kali, na hakufungwa kwa ajili yake. Alifungwa baada ya watu wasiosoma riwaya kuanza kuimba. Ulinganisho huu unaipa nguvu hoja yetu kwamba wimbo katika tamthilia ni zaidi ya pambo.

Hitimisho: kutoka Kampala hadi Kitengela

Turudi sasa kwenye barabara ya Namanga. Kawadwa anatufunza nini sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili katika eneo hili? Kwanza, kwamba malighafi tunayo. Kwaya za Kitengela zinajua kuimba kwa sauti nne. Vijana wa Kajiado wanajua kuongoza na kuitikia bila kuhitaji hata ngoma moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha, kama Kawadwa alivyokutana na Serukenya. Waandishi wetu wa Kiswahili wamekwisha kuonyesha kuwa inawezekana. Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitumia nyimbo na ngoma katika Harakati za Ukombozi, na Muhando aliendelea na mkondo huo katika Lina Ubani. Vitabu hivyo tunavisoma kimya darasani, kana kwamba viliandikwa ili visomwe kimya.

Pili, lugha. Kawadwa alichagua Kiganda kwa sababu ndicho kilichowaunganisha watazamaji wake. Kitengela ni mji wa watu waliotoka kila pembe ya Kenya: Wamaasai wenyeji, Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengineo. Lugha inayowakutanisha sokoni na stendini ni Kiswahili. Hatuna haja ya kukitetea Kiswahili kwa nadharia mahali ambapo maisha yenyewe yamekwisha kukichagua.

Tatu, na hili ndilo zito, kisa cha kuimbwa kipo. Nyanda za Kitengela zilikuwa malisho ya mifugo na njia ya wanyama wa porini watokao mbuga ya Nairobi. Leo ni viwanja vyenye ua na nyaya. Nyuma ya kila ua kuna familia iliyouza na familia iliyonunua. Nyuma yao kuna historia ndefu zaidi, tangu mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai kutoka ardhi zao. Aliyeuza ana machungu yake. Aliyenunua ameweka humo akiba ya maisha yake yote, naye hana mahali pengine pa kwenda. Katika mazungumzo ya kawaida, watu hawa wawili wakisema kwa wakati mmoja tunapata kelele, na mwenye sauti kubwa hushinda. Katika wimbo wanaweza kuimba kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa maneno yake na lahani yake, na hadhira ikawasikia wote wawili. Hakuna sanaa nyingine ya maneno yenye uwezo huo. Huenda hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko zote katika tamthilia ya nyimbo: kwamba inaweza kuzibeba haki mbili zinazogongana bila kuiua mojawapo.

Kawadwa hakuachiwa muda wa kuona mbegu yake ikikua. Deni lake tunaweza kulilipa kwa kazi ndogo tu: chama chetu kichague kisa kimoja cha hapa, kimtafute mwandishi mmoja na mwalimu mmoja wa kwaya, kimwalike na olaranyani mmoja kutoka Kajiado, wakae meza moja. Jogoo wa Kampala alinyamazishwa, lakini kuwika hakukukoma.